Ndege ya rimoti ya kwanza: ununue iliyokwisha undwa au uiunge mwenyewe?

Kama hujawahi kurusha hata siku moja, nunua iliyokwisha undwa. Iwe ya povu gumu, bawa likae juu ya bodi sio chini, isiwe na mbio. Hapo sibishani na mtu.

Sababu sio uvivu. Ile ya kuunga unakaa wiki kadhaa unagundisha vijiti vya balsa, ule mti mwepesi sana, ukiipeleka uwanjani ikaanguka hujui kosa lilikuwa kwenye bawa ulilounga likapinda au ni mkono wako, kwaiyo hujifunzi kitu na kazi yote imepasuka. Iliyotoka kiwandani imenyooka, ikianguka unajua ni mkono, afu povu unaliunga na gundi jioni hiyohiyo kesho unarudi. Ila angalia aina ya povu, lile jeupe jepesi la kufungia tivii linayeyushwa na supaglu ya kawaida, tumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya mbili.

Soma boksi vizuri jamani. Kuna zinazokuja na kila kitu, rimoti, betri na chaja, kuna zisizo na rimoti, na kuna ambazo bodi imeshaundwa lakini mota na sevo (vile vimota vidogo vinavyochezesha vibao vya kuongozea ndege) unatafuta na kufunga mwenyewe. Zote muuzaji anakwambia "iko tayari". Mgeni achukue ile ya kwanza, na propela za akiba aagize hapohapo, maana propela ndo inavunjika mwanzo na ukisubiri mzigo mwingine ufike Tanga hamu yote imeisha.

Hata hiyo ya kiwandani, kabla ya kurusha weka betri ndani afu inyanyue kwa ncha za vidole chini ya mabawa, kwenye robo mpaka theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele, au pale kijitabu chake kinaposema. Ikae sawa au pua iiname kidogo. Mkia ukiwa mzito sogeza betri mbele, usirushe hivyo, haitashikika.

Kurusha ni asubuhi mapema upepo umelala, mchana upepo wa bahari ukianza ndege nyepesi inachukuliwa tu, na kipindi cha kusi ndo usiseme. Ufukweni Raskazone au kule Bagamoyo panavutia lakini mchanga na chumvi vinaingia kwenye mota. Shamba la mkonge hapana, ile miba inatoboa povu. Tafuta uwanja mpana wa nyasi usio na watu, mbali kabisa na uwanja wa ndege, na ulizia kibali TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hujatoa hela.

Betri za lipo, zile za lithiamu zinazotumika kwenye ndege hizi: kila seli ikijaa ni volti 4.2, ukiiweka siku nyingi ishushe mpaka kama 3.8. Usiiache kwenye gari juani, usiichaji ukaenda kulala.

Sasa ya kuunga nayo ina utamu wake, mi naipenda zaidi, inakufundisha ndege inavyoshika hewa na hutaogopa kutengeneza tena. Ianze ukishaweza kutua bila kuvunja. Bei ya boksi sio bei kamili, ongeza mota, sevo, gundi, plastiki ya kufunika na pasi ya kuibana. Na hewa yetu ya pwani ina unyevu, balsa inapinda, kwaiyo bawa liungie juu ya ubao ulionyooka, libane na usilitoe mpaka gundi ikauke kabisa.