Kabla hujaunganisha fremu tatu za Kilimanjaro

Ukiwa Amboseli alfajiri, mlima uko kusini yako: Mawenzi kushoto, Kibo kulia, na jua linachomoza kutoka upande huohuo wa kushoto. Kwa dakika chache tu theluji ya Kibo inawaka rangi ya chungwa ilhali mbuga huku chini bado ina kiza. Jicho linaviona vyote viwili bila taabu. Kamera inashindwa. Ukipima mwanga wa theluji, migunga inageuka masizi. Ukipima wa nyasi, theluji inaungua na kubaki doa jeupe lisilo na kitu ndani. Ndiyo maana tunapiga fremu tatu, yaani picha tatu za mandhari ileile kwa viwango tofauti vya mwanga, tukazichanganya baadaye kwenye kompyuta. Jambo hili ni la zamani. Miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akiunganisha negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya mawingu, kwa sababu kemikali za wakati wake hazikuweza kuzipokea zote kwa pigo moja.

Watu wengi hukesha wakipaka maski (kifuniko kinachoamua sehemu gani ya picha ionekane) kwa brashi, wakidhani wamekosea kwenye programu, kumbe kosa wamelibeba kutoka porini. Kwa hiyo nianzie huko.

Fremu zako tatu zinatakiwa zifanane kwa kila kitu isipokuwa mwanga, na mwanga wenyewe uubadilishe kwa kasi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga) peke yake. Ukigusa tundu la lenzi, sehemu zilizo kali na zilizofifia zinabadilika kati ya fremu na fremu, na hapo hakuna programu itakayozilazimisha zikae sawa. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu f/8 au f/11, mizani ya rangi kwenye alama ya jua badala ya otomatiki, fokasi kwa mkono. Tuseme fremu ya kati ni 1/60 ya sekunde: ya theluji itakuwa 1/250 na ya nyasi 1/15. Kati ya hizo mbili za pembeni mwanga umetofautiana takribani mara 16, na kwa asubuhi nyingi hiyo inatosha. Usiamini kioo kidogo cha nyuma ya kamera, angalia histogramu, ile grafu ya mwanga yenye giza kushoto na weupe kulia. Kwenye fremu ya giza, grafu isigonge ukuta wa kulia. Kwenye ile ya mwanga, isigonge wa kushoto.

Mtikisiko ndio unaoharibu zaidi. Ndani ya hifadhi huwezi kushuka garini popote unapotaka, kwa hiyo mara nyingi kamera inakaa dirishani juu ya kimfuko cha maharage. Hapo muombe dereva mapema, kwa heshima: "Kaka, naomba uzime injini, halafu tusisogee hata kidogo mpaka niseme." Injini ikiunguruma, au mtu wa kiti cha nyuma akiinuka kutafuta chupa ya chai, ile fremu ya 1/15 imekwenda. Ukipata mahali panaporuhusiwa kusimama, kama kile kilima cha kutazamia, tumia stendi ya miguu mitatu, zima kitulizi cha lenzi, na weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiwe kwenye kamera shata inapofunguka.

Kuna na vitu vinavyotembea vyenyewe. Asubuhi moja nilipiga kundi la tembo waliokuwa wametulia, au ndivyo nilivyodhani. Nilipofungua fremu nyumbani, yule jike wa mbele alikuwa amepiga sikio, na mchanganyo ukampa masikio mawili upande mmoja, moja zito na moja kama moshi. Tangu siku hiyo nikishamaliza fremu tatu napiga ya nne kwa ajili ya mnyama peke yake, yenye shata ya haraka na ISO iliyopandishwa. Akiwa na chenga kidogo, yaani vidoadoa vya ISO kubwa, nitavumilia. Nyasi nazo hutikiswa na upepo, kwa hiyo eneo la mbele nalichukua lote kutoka fremu moja, sizichanganyi mbili hapo.

Nyumbani, kabla ya kuunganisha chochote, hakikisha una faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384, na hizo ndizo zinazozuia anga lisikatike mistari mistari unapolivuta. Nakili zote kwenye diski ya pili kwanza. Angalia pia nafasi na ramu: picha ya megapikseli 24 kwa biti 16 ni kama megabaiti 144 kwa leya moja (kila fremu ni leya, tabaka moja juu ya jingine), kabla hujaongeza maski. Sahihisha mikunjo ya lenzi, rangi na vumbi kwa vipimo vilevile kwenye fremu zote. Kukata na kunoa acha mwisho kabisa. Photoshop ina amri ya kulinganisha leya. Asiyekuwa nayo aandae RAW kwa darktable au RawTherapee, azilinganishe kwa Hugin, kisha amalizie GIMP. Zote hizo ni za bure.

Halafu, kabla ya kushika brashi, amua mshono utapita wapi. Hapa ndipo napenda mtu atulie. Maski nyeupe inaonyesha leya, nyeusi inaificha. Hilo utalizoea kwa siku moja. Kazi iko kwenye mgunga unaokata anga. Kuza hadi asilimia 100 uangalie majani yake madogo: ukipaka kwa brashi pana, kila tawi linapata ukingo mweupe, kama limechorewa chaki. Ni bora maski itokane na mwangaza wa picha yenyewe, yaani uchague sehemu angavu za anga na kuifanya hiyo ndiyo maski, kisha uiguse kwa brashi laini ya asilimia 10 au 15, polepole. Na matawi yaache yawe meusi. Alfajiri huwa ni meusi kweli.

Jambo la kuamua mapema kuliko yote ni kiasi. Ikiwa RAW moja imeshika theluji na nyasi kwa pamoja, acha kuunganisha. Ikiwa lazima uunganishe, ukimaliza shusha nguvu ya leya ya nyasi hadi nusu, ondoka ukanywe chai, kisha rudi uipandishe kidogo kidogo ukitazama Kibo tu. Mbuga ikianza kushindana na theluji kwa mwanga, rudi nyuma hatua moja.