Lijamu la kwanza: lipashe kabla hujamvisha

Kwa wenzangu mnaofundisha farasi wadogo huku Mufindi: asubuhi za Juni na Julai, lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni mwa farasi, lililolala stoo huwa kama barafu. Lipashe kwanza. Mimi hulibana kwapani ndani ya koti wakati natafuta kamba, au nalichovya kwenye maji ya vuguvugu. Kisha nalipaka asali kidogo.

Usimpanue mdomo kwa nguvu. Kati ya meno ya mbele na magego pana pengo. Ingiza kidole gumba hapo kwa pembeni, bonyeza ufizi, atafungua mwenyewe. Ila daktari wa mifugo awe ameshamkagua, maana baadhi huota kijino mbele ya magego, na lijamu likikigonga umeshamkosa.

Likiingia, mwache alitafunetafune dakika 10 hivi, wewe ukiwa naye. Usimfunge kamba kwenye lijamu, hata kidogo. Kulitoa ndiko wengi tunakoharibu: shusha taratibu, ngoja aliteme. Wangu niliwahi kumvutia haraka, chuma kikamgonga meno. Wiki mbili nzima akiniona na hatamu anainua shingo kama twiga.