SOMO: Komba wa Rondo au komba wa Grant? Anza na sikio

Wengi wanaoingia misitu ya Lindi usiku hukosea kwa sababu wanamulika kwanza, wanasikiliza baadaye. Komba hawa wawili ni ndugu wa karibu, wote wadogo na wa kahawia, na kwenye uwanda wa Rondo wanaishi msitu mmoja. Kinachowatenganisha hasa ni mlio.

1. Chukua kibali TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), fuatana na mwenyeji anayezijua njia. Fikeni kabla jua halijazama, zimeni tochi, kaeni kimya. Kukiwa na upepo mkali, ahirisheni, hamtasikia kitu.

2. Hesabu mapigo ya mlio. Komba wa Rondo hulia mawili mawili: pigo-pigo, kituo, pigo-pigo, kwa mwendo uleule. Komba wa Grant hupandisha: mafungu ya mwanzo yana mapigo machache, yanayofuata yanaongezeka. Ukidaka katikati ya mlio utachanganya, kwa hiyo subiri aanze upya, kisha rekodi kwa simu. Usimchezee sauti ya kurekodi ili aitikie. Unamtoa kwenye malisho yake, na hesabu yako inaharibika.

3. Sasa mulika, kioo cha tochi kikiwa kimefunikwa kwa plastiki nyekundu. Tazama mkia: wa Rondo una manyoya yaliyosimama pande zote kama brashi ya kuoshea chupa, wa Grant hukolea weusi kuelekea nchani. Baada ya mvua manyoya hulala, usiutegemee.

4. Ukubwa uwe wa mwisho. Komba wa Rondo ana takribani gramu 60, mwenzake hupita 100, lakini juu ya mti gizani tofauti hiyo hudanganya.

MASWALI

— Mwalimu, anayelia kama mtoto mchanga huku kwenye mikorosho ni wa Rondo?
Hapana, ndugu. Huyo ni komba mkubwa. Wa Rondo ni mnyama wa msituni, na mara nyingi hutafuta wadudu chini vichakani, akirukia kutoka shina hadi shina.

— Rangi ya macho haisaidii?
Haisaidii. Hubadilika kwa pembe ya mwanga.

— Shikamoo mwalimu. Yupo Rondo tu?
Marahaba. Yupo pia Litipo na Chitoa, Ziwani kule Mtwara, hata Pugu na Pande karibu na Dar es Salaam. Ni vipande vya msitu vilivyoachana. Kimoja kikikatwa mkaa au kufyekwa shamba, waliomo hawana pa kuhamia.