Treni ya toi ya zamani: soma kibati cha transfoma kabla hujachomeka

Wakuu, kama umebahatika kupata seti ya treni ya toi ya zamani, iwe ya babu au umeiokota mtumbani Mlango Mmoja hapa Mwanza, tulia kwanza usichomeke kitu. Mashine imeishi miaka 60 vizuri halafu inakuja kufia kwenye soketi ya Kirumba ndani ya dakika mbili, hiyo inauma jamani.

Anza na treni yenyewe, inakula umeme gani. Lionel za Marekani na Märklin za Ujerumani za zamani zinataka AC (umeme unaogeuka mwelekeo huku na huku, kama wa ukutani), Hornby Dublo na Tri-ang za Uingereza ni DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) volti 12. Mota ya DC ukiipa AC haiendi, inanguruma tu pale pale huku inachemka mpaka koili inaungua.

Halafu geuza transfoma usome kibati. Ya Uingereza mara nyingi imeandikwa 200-250V 50Hz (Hz ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), hiyo inaingia kwa umeme wetu wa 230 bila shida. Ya Marekani ni 115V 60Hz na hapa ndo watu wanaunguza, lazima upitie transfoma ya kushusha, ila hata ukishusha bado sisi ni 50Hz kwahiyo chuma chake kitapata moto kuliko kilivyopangiwa. Dawa ni kuilisha kama volti 100 badala ya 115, vile vistepdauni vya redio za Japan vinavyotoa 100 vinafaa kabisa, treni itapungua mwendo kidogo lakini transfoma itadumu. Vile vistepdauni vyepesi vya kielektroniki vinavyouzwa kwa ajili ya pasi usiguse, havifai kuendesha transfoma.

Wati sasa. Tuseme kichwa kinavuta ampea 2.5, una mabehewa manne yenye taa mbilimbili za ampea 0.2, hapo ni 4.1, zidisha kwa volti 16 unapata kama wati 66. Mimi ningetafuta transfoma inayotoa 90 au 100 ipumue. Angalia lakini, transfoma ya Lionel ZW imeandikwa 275 ila hizo ni wati zinazoingia, kwenye reli zinafika kama 180 tu.

Waya wa plagi ukiukunja ukapasuka gamba, badilisha, hata kama fundi anakwambia bado mzima. Unyevu wa ziwa nao unakula vichwa vya skrubu, piga msasa.

Weka fyuzi ya haraka upande wa reli maana swichi za shoti za zamani zinachelewa kukata. Ukimaliza washa bila treni nusu saa, pima na mita, shika bodi kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikinuka, chomoa hapo hapo mpelekee fundi wa kusuka koili. Na umeme ukikatika toa plagi, usisubiri urudi na kishindo chake.