Draivu za tepu zisikubadilikie majina

Kama bekapu ya ofisi inaendeshwa na programu ya Bacula juu ya Linux, na maktaba yenu ya tepu (kabati lenye roboti inayopakia tepu kwenye draivu) ina draivu mbili, fungua faili ya mipangilio bacula-sd.conf utazame mstari wa Archive Device, unaotaja njia ya draivu. Ukikuta /dev/nst0 na /dev/nst1, badilisha. Namba hizo hutolewa kwa kufuata draivu iliyoonekana kwanza seva inapowaka, hivyo umeme ukikatika zinaweza kupishana. Hapo roboti inapakia tepu kwenye draivu moja huku programu ikiisubiri kwenye nyingine, tupu. Mimi nilikesha nikilaumu kebo.

Andika badala yake njia iliyo ndani ya /dev/tape/by-id. Hiyo hufuata utambulisho wa draivu yenyewe, haijali nani kaamka kwanza. Chukua inayoishia na -nst. Isiyo nayo huirudisha tepu mwanzo kila inapofungwa, na kazi inayofuata inaweza kufuta bekapu ya jana. Changer Device nayo, yaani mstari unaotaja njia ya roboti, kama imeandikwa /dev/sg3 au mfano wake, ina ugonjwa huohuo.

Kisha pima, kazi zote zikiwa zimesimama: pakia tepu draivu 0 kwa mtx (amri ya kuiendesha roboti), draivu 1 ikiwa tupu, halafu uliza hali ya draivu kwa mt status kwenye njia uliyoipa Drive Index 0, yaani namba ya draivu ndani ya bacula-sd.conf. Ukiona ONLINE, tepu imo, umepatia. Ukiona DR_OPEN, draivu hiyo ni tupu, umezipishanisha. Geuza namba za Drive Index, uwashe upya bacula-sd.