Namna ya Kufuatilia Bajeti ya Kaunti Kabla Fedha Hazijagawanywa

Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, kumbi za wadi nchini Kenya hujaa wakazi wanaoomba zahanati, visima, masoko na barabara, na wengi wao hurudi nyumbani bila kutambua kwamba mgawanyo wa fedha walizokuwa wakiziomba uliamuliwa miezi kadhaa iliyotangulia. Somo hili linaeleza mzunguko wa bajeti ya kaunti kwa utaratibu wake, ili mkazi afike mezani wakati ambapo maneno yake bado yana uzito.

Hatua ya kwanza: hakikisha ombi lako ni jukumu la kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti huduma za afya za ngazi yake, shule za chekechea, vyuo anuwai vya vijijini, kilimo, maji na usafi wa mazingira, barabara za kaunti, pamoja na masoko na leseni za biashara. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu za kitaifa si zake. Ombi lililopelekwa kwenye serikali isiyohusika hupokelewa kwa heshima, huandikwa kwenye daftari, na huishia hapo.

Hatua ya pili: jua fedha zinatoka wapi

Ibara ya 203 ya Katiba inataka kaunti zote 47 zipewe kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, yakihesabiwa kwa msingi wa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mgao huo ulikuwa shilingi bilioni 385.4 katika mwaka wa kifedha wa 2023/24, unaoanza Julai na kuisha Juni. Kwa mwaka wa 2024/25 ulikuwa umepangwa kufika bilioni 400.1, lakini Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kuongeza kodi, ulipoondolewa baada ya maandamano, ukapunguzwa hadi takriban bilioni 387.4. Mwaka wa 2025/26 ukawa bilioni 415. Juu ya mgao huo kaunti huongeza misaada yenye masharti na mapato yake yenyewe, yaani ada za maegesho, kodi za ardhi, leseni na malipo ya hospitali. Makadirio ya mapato haya ya ndani ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho kali zaidi, kwa sababu kaunti inayojikadiria mapato makubwa kupita uwezo wake huandika miradi mingi ya kupendeza ambayo haitapata fedha, na wakandarasi hubaki wakidai kwa miaka.

Hatua ya tatu: Septemba

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, yaani orodha ya miradi ya mwaka wa kifedha unaofuata, hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mradi wako ukiwa haumo humo, ni vigumu kuuingiza baadaye. Angalia pia kama umo katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano. Wa sasa unahusu 2023 hadi 2027.

Hatua ya nne: Februari, mwezi unaosahauliwa

Kabla ya tarehe 28 Februari, hazina ya kaunti huwasilisha Waraka wa Mkakati wa Fedha, na humo ndimo ukomo wa matumizi wa kila idara unamowekwa. Afya ikipewa kiasi fulani, na kilimo kiasi fulani, mjadala wote wa Aprili hadi Juni unafanyika ndani ya mipaka hiyo. Mkazi anaweza kuhamisha kisima kutoka kijiji kimoja hadi kingine, lakini hawezi kwa urahisi kuitoa fedha ya idara moja na kuipa nyingine. Bunge la kaunti hupewa siku 14 tu za kuujadili waraka huu. Kwa maoni yangu, kikundi chenye nguvu ya kuhudhuria kikao kimoja tu kwa mwaka kiende cha Februari, hata kama ukumbi utakuwa nusu tupu na soda hazitakuwepo.

Andikeni maoni yenu kwa maandishi, mkitaja idara, kiasi na sababu, kisha mpate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya tano: Aprili, soma pande zote mbili za bajeti

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili na huidhinishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Yamegawanyika katika matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo, na hapa ndipo wananchi wengi huteleza. Tuseme wadi yenu imetengewa shilingi milioni 8 za kujenga zahanati: fedha hizo ziko upande wa maendeleo. Mshahara wa muuguzi, dawa, umeme na mlinzi viko upande wa matumizi ya kawaida, katika ukurasa mwingine kabisa, na visipotengewa fungu, jengo litazinduliwa kwa utepe na kubaki na kufuli. Kwa hiyo kila mnapoona jengo upande mmoja, lifuatilieni upande wa pili.

Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa kipindi cha muda wa kati (miaka mitatu hadi mitano), iende kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kanuni hizi ni nzuri, ila zina kasoro moja: zinalihesabu jengo kuwa maendeleo na muuguzi kuwa gharama.

Makueni inatajwa mara nyingi kama mfano, na si bure. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kaunti hiyo ilianzisha mpango wa afya ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka, ikajenga kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba, na ikaunda kamati za wananchi za kusimamia miradi. Huduma ya jamii na uchumi vilipangwa pamoja, na wakazi walishirikishwa kuanzia ngazi ya kijiji.

Hatua ya sita: baada ya Julai

Fedha iliyoidhinishwa si fedha iliyotoka. Msimamizi wa Bajeti, ofisi huru ya kitaifa inayoidhinisha utoaji wa fedha za umma, huchapisha ripoti za kila robo mwaka zinazoonyesha kila kaunti ilipokea na kutumia kiasi gani. Linganisheni safu ya maendeleo na ile ya matumizi ya kawaida.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kwale: Barabara yetu ilikuwa katika bajeti iliyoidhinishwa Juni, lakini ilipofika Machi tukaambiwa haina fedha. Je, inawezekana?

Jibu: Inawezekana, ndugu, na mara nyingi hufanyika kupitia bajeti ya ziada, yaani ile inayobadilisha makadirio katikati ya mwaka. Tafuteni nakala yake katika ofisi ya karani wa bunge la kaunti, kisha mumuulize mwakilishi wadi wenu alipigaje kura. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko rasmi katika bunge hilo.

Mwanachama, Kitui: Mwalimu, shule yetu ya sekondari haina maabara. Tuiombe kaunti?

Jibu: Hapana. Pelekeni ombi hilo Wizara ya Elimu au kwa kamati ya hazina ya maendeleo ya eneobunge lenu. Kwa kaunti, ombeni madarasa ya chekechea na vifaa vya chuo anuwai.

Mwanachama, Doha: Nilizaliwa Taita Taveta na wazazi wangu wako huko. Naweza kutoa maoni nikiwa mbali?

Jibu: Tuma maoni ya maandishi kwa njia iliyotajwa katika tangazo la kaunti, na uwaombe wazazi wapeleke nakala ya karatasi, kwa kuwa barua pepe hupotea kirahisi kuliko karatasi yenye muhuri.

Mwanachama, Busia: Ofisi imekataa kutupa nakala ya makadirio. Tufanye nini?

Jibu: Ombeni kwa maandishi mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi siku 21 za kujibu. Zikipita bila jibu, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala mkiambatisha nakala ya barua yenu.