Namna ya Kupima Resonansi na Kigezo cha Ubora wa Saketi

Katika jiji kama Kampala, ambako stesheni nyingi za FM hubanana kati ya megahezi 88 na 108, redio haiwezi kutenga stesheni moja na jirani zake bila saketi zenye resonansi, yaani zinazoitikia kwa nguvu masafa fulani kuliko mengine, na ukali wa utengaji huo hupimwa kwa kigezo cha ubora, yaani Q. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anaweza kuvipima vyote viwili kwa masafa ya chini.

Unga mfululizo koili ya milihenri 10, kapasita ya nanofaradi 100 na rezista ya omu 10, kisha uviwashe kwa jenereta ya mawimbi. Kanuni ya masafa ya resonansi, f = 1/(2π√LC), ambamo L ni koili na C ni kapasita, inatoa takriban hezi 5,033. Usitumie umeme wa nyumbani wa volti 240 kwa jaribio la namna hii, kwa sababu katika resonansi volti za kapasita huwa Q mara volti za chanzo, na Q ya 10 tu ingezaa volti 2,400.

Kwa saketi ya mfululizo, Q = √(L/C)/R, ambayo hapa ni 316/R. Wengi huweka 10 mahali pa R, wakapata karibu 32, kisha wakalaumu vifaa kipimo kinapokataa. R ni ukinzani wote wa mzunguko: rezista, waya wa koili, ambao tuseme umepimwa kuwa omu 12, na jenereta yenyewe, ambayo kwa kawaida ina omu 50. Jumla ni 72, na Q inashuka hadi 4.4.

Ili kuthibitisha, weka osiloskopu, chombo kinachoonyesha mawimbi ya volti kwenye skrini, kwenye rezista (multimita nyingi za bei nafuu hazisomi vizuri masafa haya), badilisha masafa ya jenereta hadi volti zifike kilele, kisha tafuta masafa mawili, chini na juu yake, ambapo volti zimebaki 0.707 ya kilele. Yatakuwa karibu na hezi 4,490 na 5,640. Gawanya masafa ya kilele kwa tofauti ya masafa hayo mawili; jibu ndilo Q. Kilele hakitakaa katikati kabisa, nalo si kosa la mpimaji.

Ukitaka Q kubwa zaidi, unga rezista ya omu 1 sambamba na jenereta na uchukue mawimbi kutoka hapo. Ishara itafifia takriban mara 51, lakini ukinzani wote utakuwa kama omu 23, Q itapanda hadi karibu 13.7, na upana kati ya masafa yale mawili utapungua hadi takriban hezi 366.